Kaske za bluetooth: besi nzito si alama ya ubora

Kwenye meza za wauza vyombo vya telefoni, Lubumbashi kama Goma na Bukavu, kaske za bluetooth, zile kubwa zinazofunika sikio lote, mara nyingi zinauzwa kwa namna moja. Muuzaji anaunganisha kaske na telefoni yake, anachagua wimbo wenye besi nzito, anapandisha sauti hadi mwisho, kisha anamvalisha mteja. Baada ya dakika moja mteja anatikisa kichwa na mjadala wa bei unaanza. Kwa jaribio la namna hiyo hakuna anayeweza kujua alichonunua.

Sauti kubwa inadanganya. Mtu akisikilizishwa wimbo uleule mara mbili kwenye kaske ileile, mara ya pili sauti ikiwa imepandishwa kidogo tu, kwa kawaida atasema ya pili ndiyo nzuri. Mafundi wa sauti wanalijua jambo hilo, ndiyo maana wakilinganisha kaske mbili wanasawazisha kwanza ukubwa wa sauti. Mnunuzi naye hahitaji mashine yoyote: ashushe sauti hadi katikati. Kaske mbaya ikishushwa hivyo inabaki na kishindo tu, maneno ya mwimbaji yanazama. Iliyo nzuri inabaki na wimbo mzima.

Na wimbo wa kujaribia uwe ule anaoufahamu kwa moyo, si ule aliouchagua muuzaji. Kwa jambo hili Mkongomani ana bahati, maana rumba ni mtihani mgumu kwa kaske yoyote. Kwenye sebeni kuna gitaa ya solo, mi-solo na ile ya kusindikiza, zote zikiongea kwa pamoja, na chini yake besi na ngoma. Kaske iliyojazwa besi inaimeza mi-solo. Msikilizaji akishindwa kuifuata gitaa hiyo kwa sekunde thelathini bila kuipoteza, hata sanduku liwe la kupendeza namna gani, arudishe. Anayependa muziki wa zamani atafute nyimbo za Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka wa 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Humo kuna gitaa moja na sauti ya mtu mmoja tu. Kidole gumba kinapiga nyuzi nene huku kidole cha shahada kikipiga zile nyembamba, na kaske nzuri inaviachanisha vidole hivyo viwili waziwazi.

Lakini sauti ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni namna kaske inavyokaa kichwani, na hapo ndipo wanunuzi wengi hawaangalii kabisa. Uzito unatofautiana sana hata kati ya kaske za bei ya juu: WH-1000XM5 ya Sony ina gramu 250 hivi, AirPods Max ya Apple inapita 380. Tofauti hiyo haisikiki dukani. Inasikika baada ya saa moja, utosini. Kisha kuna mbano: ukizidi, taya inauma, ukipungua, kaske inateleza mtu akiinama. Sponji za ngozi bandia zinaziba vizuri ila zinachemsha masikio, na mwezi wa kumi Lubumbashi hilo si jambo dogo. Za kitambaa zina hewa zaidi lakini zinavujisha sauti. Anayevaa miwani aje sokoni na miwani yake, kwa sababu mikono ya miwani inainua sponji na kuacha upenyo.

Upenyo huo ndio kiini cha jambo lote. Besi inatokea hapo. Kuna njia rahisi ya kuupima: wimbo ukicheza, mnunuzi abonyeze vikombe vyote viwili kwa viganja. Besi ikiongezeka ghafla, kaske haizibi kwenye kichwa chake, hata kama inaziba vizuri kwenye kichwa cha muuzaji.

Na kaske isiyoziba inaingiza kelele za nje. Umeme umekatika, jenereta ya jirani inanguruma, na kijana anayesikiliza anafanya nini? Anapandisha sauti. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema mtu anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 hadi saa 40 kwa wiki bila hatari, lakini zikifika 90 zinabaki saa 4 tu kwa wiki nzima. Shirika hilohilo linakadiria kuwa vijana zaidi ya bilioni moja duniani wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa mazoea hayo. Chembe za ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena. Kwa hiyo anayesema kukaa vizuri kwa kaske ni anasa ya matajiri amekosea: kaske inayoziba ndiyo inayomruhusu mtu kusikiliza kwa sauti ya chini.

Kuhusu zile zinazosemwa kuondoa kelele, tahadhari. Teknolojia hiyo ipo kweli, na inafanya kazi vizuri zaidi kwenye mngurumo usiobadilika kama wa jenereta au ndege. Sauti za watu wanaoongea inazipunguza kidogo tu. Lakini kwenye kaske nyingi za bei ndogo, maneno hayo ya sandukuni yanahusu maikrofoni tu, ili anayepigiwa simu asikie vizuri. Mnunuzi asimame karibu na jenereta, aiwashe bila muziki. Mngurumo usipopungua, asilipie kitu hicho. Na ikiwa inafanya kazi kweli, barabarani aizime, kwani honi ya motari inatakiwa isikike.

Muuzaji atalalamika kwamba majaribio yote haya yanamchelewesha. Alalamike. Robo saa kwa mtu anayetoa pesa ya wiki kadhaa za kazi si nyingi, na ndani ya robo saa hiyo mteja aulize pia kama sponji za kubadilisha zinapatikana, na kama kaske ina tundu la waya kwa siku ambazo bateri imeisha na umeme haujarudi.