Ua la Hodhini, Gugu la Ziwani

Walimu wanaoweka mahodhi ya samaki shuleni wanastahili pongezi. Hata hivyo, mmea wa kutia majini usichaguliwe kwa urembo pekee. Gugumaji lilitolewa Amerika Kusini na kusambazwa duniani kwa ajili ya ua lake. Kufikia 1990 lilikuwa limeingia Ziwa Viktoria, na wavuvi wa Kisumu wangali wanataabika. Waingereza waliliita kwa jina la ua. Kiswahili kikaliita gugu, na hakikukosea. Wanafunzi na waoteshe mimea ya maziwa yetu, kama valisineria: mizizi mchangani, mwangaza saa 8 hadi 10 kwa siku. Masalio yakaushwe juani, kamwe yasitupwe mtoni. Mdharau mwiba mguu huota tende.