HKL haitakuokoa mbele ya ripoti ya maabara

Waulize wanafunzi kumi wa sheria chuoni hapa walisoma mchepuo gani kidato cha tano na sita. Wengi watakujibu HKL au HGL, na wakiwa wakweli watakuongezea kwamba walichagua hivyo ili waachane na hesabu na kemia moja kwa moja. Si dhambi. Shida ni kwamba kemia imewatangulia mahakamani. Imeshakaa kwenye faili inawasubiri: karatasi moja yenye muhuri na saini, inayosema unga ule ni heroini, damu ile ni ya fulani, msichana yule aliingiliwa. Na sisi tunaosubiri kwa hamu kuitwa mawakili wasomi, tukifika kwenye karatasi hiyo tunaipita haraka haraka kama swali la hesabu kwenye mtihani.

Nasema hivi: somo la sayansi jinai lifundishwe kwa wanafunzi wa sheria na wa sayansi wakiwa darasa moja, angalau muhula mmoja. Chuo kina makundi yote mawili, tena yanapanga foleni moja kantini kusubiri wali maharage. Halafu yanamaliza miaka yao bila hata siku moja kukaa meza moja kujadili bahasha ya kielelezo.

Wengi wetu sayansi jinai tunaijua kwa tamthilia. Mtu anavaa glovu, anaokota unywele, dakika arobaini baadaye muuaji amepatikana. Au tunaijua kwa mambo ya mtaani, ambako neno DNA maana yake ni moja tu: baba anadai mtoto si wake. (Na hata hilo huendi tu na mate ya mtoto kwenye chupa. Ipo Sheria ya mwaka 2009 inayodhibiti vipimo vya vinasaba vya binadamu, na maombi hupitia mlango unaotambulika, kama mahakama, wakili au ofisa ustawi wa jamii.) Kazi yenyewe haina mbwembwe hizo. Ni kuandika nani alishika nini, saa ngapi, akamkabidhi nani, na kilifungwa vipi.

Hapo ndipo kila mwanafunzi wa sheria anapoitaja kesi ya Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, rufani ya jinai namba 110 ya mwaka 2007. Mahakama ya Rufani ilieleza humo kwamba safari ya kielelezo, kuanzia kinapokamatwa, kinapohifadhiwa, kinapohamishwa, kinapopimwa, mpaka kinapofikishwa mahakamani, inatakiwa ionekane kwa maandishi, hatua kwa hatua. Ni kesi nzuri na imo kwenye kila desa. Ila ukiikariri kwa desa tu utairusha hata pale isipotakiwa, kwa sababu baadaye Mahakama hiyo hiyo ilifafanua kwamba si kila pengo kwenye mnyororo linaua kielelezo. Inategemea ni kitu gani. Pembe za ndovu haziwezi kubadilishwa kirahisi njiani zikawa kitu kingine. Unga mweupe kwenye mfuko wa nailoni unaweza.

Sasa nani atakuambia kipi kinabadilika na kipi hakibadiliki? Siyo kitabu cha sheria. Mwenzako wa kemia atakuambia bangi mbichi ikikaa inakauka na uzito unapungua, kwa hiyo tofauti ya kilo kati ya kituo cha polisi na maabara inaweza kuwa wizi, inaweza kuwa jua tu. Atakuambia nguo yenye damu mbichi ikifungwa kwenye plastiki inaota ukungu na vinasaba vinaharibika. Inatakiwa ianikwe kivulini ikauke, halafu ifungwe kwenye karatasi. Wakili anayejua hilo anauliza swali moja, "Mlifungia kwenye nini?", na chumba kizima kinamgeukia shahidi. Asiyejua atauliza maswali ishirini kuhusu tarehe.

Usidhani nawatetea watuhumiwa tu. Mwendesha mashtaka naye alisoma HGL. Nguo ya binti aliyebakwa ikioza kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia askari, wala wakili wa serikali hakujua aulize mapema, aliyepoteza ni yule binti.

Tukae kidogo kwenye PF3, maana hapo mambo ni mazito. Kosa la kubaka kifungo chake ni miaka 30 kwenda juu, na kesi zenyewe husikilizwa kwenye mahakama za wilaya na za hakimu mkazi, ambako washtakiwa wengi hawana wakili. Fomu ya daktari inaweza kupokelewa bila daktari mwenyewe kufika. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa mshtakiwa haki ya kuomba daktari aitwe ahojiwe, na mahakama inapaswa kumweleza kwamba anayo haki hiyo. Mara nyingi tu Mahakama ya Rufani imeifuta PF3 kwenye kumbukumbu kwa sababu mshtakiwa hakuelezwa. Sawa, sheria imefuatwa. Lakini jiulize: hata angeelezwa, angemuuliza nini daktari? Mtu wa darasa la saba, yuko kizimbani, mbele yake kuna karatasi inayosema bikira haipo na kwamba kuna dalili za kuingiliwa na kitu butu.

Daktari yeyote mkweli atakwambia kwamba kukosekana kwa bikira peke yake hakuthibitishi kubakwa. Atakwambia pia kwamba mwili usio na jeraha hauthibitishi kwamba hakubakwa. Yaani karatasi ile ile inaweza kumwonea mshtakiwa leo na kesho ikamwonea mlalamikaji, ikitegemea aliyeisoma ni nani. Mahakama zetu zimekwisha kusema ushahidi bora wa kosa hilo hutoka kwa mwathirika mwenyewe, na sheria haimfungi hakimu kukubali maoni ya mtaalamu. Lakini ili uyakatae maoni ya mtaalamu kwa sababu ya maana, lazima kwanza uyaelewe.

Kuna kesi ya Uingereza ambayo ningependa ibandikwe kwenye vimbweta vyote tunavyopigia msuli. Sally Clark alikuwa wakili. Watoto wake wawili wachanga walifariki, mmoja mwaka 1996, mwingine mwaka 1998, naye mwaka 1999 akatiwa hatiani kwa kuwaua. Profesa wa magonjwa ya watoto, Roy Meadow, alisimama kizimbani akaliambia baraza kwamba uwezekano wa watoto wawili wa familia kama ile kufa ghafla usingizini ni mara moja katika milioni 73. Alipataje? Alichukua moja katika 8,543, makadirio ya kifo kimoja, akaizidisha kwa yenyewe. Ndiyo hivyo tu. Hesabu ya namna hiyo inafaa kama matukio mawili hayahusiani kabisa, kama kurusha sarafu mara mbili. Watoto wa tumbo moja, damu moja, nyumba moja, unasemaje havihusiani?

Na hata namba ingekuwa sahihi, isingejibu swali lililokuwepo. Mama kuua watoto wawili nako ni jambo adimu sana. Swali lilikuwa kati ya mambo mawili adimu, lipi lina uzito zaidi, siyo kama moja ni adimu. Chama cha Wanatakwimu cha Uingereza kilitoa tamko la kuipinga hesabu ile mwaka 2001. Mama huyo aliachiwa mwaka 2003, baada ya kugundulika kwamba mtaalamu aliyechunguza miili alikuwa na majibu ya maabara yaliyoonyesha bakteria kwa mtoto wa pili na hakuyatoa. Alifariki mwaka 2007. Chumba kilikuwa kimejaa mawakili waliosoma, mshtakiwa mwenyewe ni mwanasheria, na kuzidisha kule kukapita.

Ukitaka mfano wa hapa nyumbani, chukua sensa. Mwaka 2022 Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728. Tuseme mtaalamu anakuja na sampuli mbovu, yenye damu ya watu wawili imechanganyika, anasema mfanano kama huu hupatikana kwa mtu mmoja katika milioni. Ukisikia "mmoja katika milioni" unamwona mshtakiwa keshakwisha. Piga hesabu: ndani ya jiji hili peke yake unatarajia watu kama watano wenye mfanano huo. Kama hakuna ushahidi mwingine unaomgusa, umemkamata mmoja kati ya watano. Sampuli safi hutoa namba kubwa mno kuliko hiyo, sikatai, lakini sampuli za eneo la tukio si safi siku zote. Na hata ile safi inakwambia damu ni ya nani. Haikwambii ilifikaje pale wala lini.

Halafu kuna suala la lugha, ambalo naona hatujalishtukia. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu. Mimi nililifurahia sana, na bado nalifurahia. Lakini sayansi tumefundishwa kwa Kiingereza, na mtaalamu wa maabara huchagua maneno yake kwa uangalifu kuliko mtunga mikataba. Akiandika kwamba mtu fulani hawezi kuondolewa katika orodha ya waliochangia sampuli, mtu wa haraka akilitia Kiswahili linakuwa "damu ni yake". Akiandika kwamba jeraha linaendana na kipigo cha fimbo, linakuwa "alipigwa na fimbo". Kuendana siyo kuthibitisha, maana jeraha linaloendana na fimbo linaweza pia kuendana na kuanguka ngazi. Kati ya hayo maneno mawili kuna mtu anakwenda jela.

Ni nani atakayetengeneza Kiswahili cha kusema mambo haya kwa usahihi? Siyo mtu wa sheria peke yake, wala wa kemia peke yake. Na hapa, kusema kweli, wale wa HKL tungekuwa na mchango mkubwa, kama tungekuwa tunaelewa kinachosemwa. Lugha tunaijua, tatizo ni kwamba tumekimbia chumba ambamo lugha hiyo inahitajika.

Nimeshasikia majibu. La kwanza: ratiba imejaa, tayari watu wanakula sapu, unataka kuwaongezea somo wadisko? Sitaki somo jipya la lazima. Nataka la hiari, lenye kikomo cha watu, na mtihani wake uwe ni faili moja: hati ya ukamataji, rejista ya vielelezo, ripoti ya maabara. Wa kemia aitetee ripoti kizimbani, wa sheria amuulize maswali ya dodoso, halafu wabadilishane viti. La pili: wakili si lazima awe mkemia, ataita mtaalamu wake. Ataita kwa pesa za nani? Mteja wa kijijini aliyeuza mbuzi apate nauli ya kuja mahakamani hana pesa ya kumlipa mtaalamu binafsi. Mtaalamu pekee atakayekuwepo ni yule wa upande wa mashtaka, na maswali pekee atakayokutana nayo ni ya kwako.

Wa tatu huwa wananiambia tuanze na mahakama igizo, tuwaalike wa sayansi kama mashahidi, bila kusubiri mtaala ubadilishwe na seneti. Hao nakubaliana nao. Mtaala unaweza kuchukua miaka, na wengine tutakuwa tumeshavaa joho. Mahakama igizo ni ya kwetu wenyewe. Kila mwaka tunaandaa shauri la kubuni ambalo mashahidi wake ni jirani aliyesikia kelele na mke aliyekuta mlango wazi. Mwaka huu aingizwe mkemia mmoja mwenye ripoti ya kurasa tatu. Wa kumwigiza wasitoke kwetu. Watoke jengo la maabara, waje na koti lao jeupe, na waruhusiwe kutujibu kweli.