Magugu Yangu Hayang'olewi

Mwezi uliopita kamati ya mtaa ninakopanga, hapa Nakuru, iliniletea barua: ning'oe "magugu" kando ya lango, nipande bogenvilia, ili mtaa upendeze. Sing'oi.

Magugu hayo ni Leonotis, mmea wa kwetu wenye shina refu lililovikwa mipira ya miiba, na maua ya rangi ya chungwa yanayochomoza kama vidole. Kila asubuhi, chai yangu ikiwa bado ya moto, huja chozi, ndege mdogo anayemetameta. Hutua juu ya miiba ileile na kuingiza mdomo uliopinda katika ua lililopinda. Akinyonya nekta, chavua humpaka kichwani, naye huipeleka kwenye ua jingine.

Bogenvilia asili yake ni Amerika Kusini. Rangi tunayoisifu ni ya majani yanayozunguka viua vidogo vyeupe. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na macho yaliyofunzwa kwamba cha kununuliwa ni pambo na cha kujiotea ni uchafu.

Marafiki hunitumia video za ndege-mvumaji, yule anayeelea hewani mbele ya ua, wakisikitika kwamba Afrika hatuna. Kweli, huyo ni wa mabara ya Amerika pekee. Lakini chozi tunaye, na tunamfyekea chakula. Tena Leonotis nepetifolia imeshavuka bahari, ikaota Brazili na visiwa vya Karibi, na huko ndege-mvumaji huinyonya bila kuuliza kamati.

Wanasema vichaka huleta nyoka. Basi tufyeke nyasi chini yake, tuache maua.

Mwaka 1975, Frank Gill na Larry Wolf walichapisha utafiti walioufanya papa hapa Kenya, kuhusu chozi mwenye mabawa ya dhahabu. Ndege mmoja alilinda takribani maua 1,600 ya Leonotis ili ashibe, na alipigana pale tu nekta ilipolipa nguvu za kupigana. Hesabu hiyo inaniuma. Lango langu halina maua 1,600. Hata nikishinda ubishi huu, peke yangu simlishi ndege mmoja.

Kwa hiyo sikuombi unipongeze. Mbegu nimeziweka kwenye bahasha, na jirani wa kushoto ameshachukua. Wa kulia anasubiri kuona kamati itasemaje. Wewe unasubiri nini?