Mapenzi ni Kikohozi: Jibu kwa Mama wa Nuu



Wiki hii ukumbi wetu umepokea barua kutoka Nuu, upande wa Mwingi, katika Kaunti ya Kitui. Aliyeiandika ni mama mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa huko bara na Mkamba Mwislamu, na kwa miaka mingi wameendesha duka pamoja na kulea watoto wao katika dini. Binti yao mkubwa, mwenye umri wa miaka 23, ni karani wa stoo katika kambi ya wajenzi wa barabara. Huko amejuana na kijana wa Kichina, fundi wa mitambo, naye kijana ametaka kumwoa. Anasema yu tayari kutoa shahada. Ila ana sharti moja: nikaha iwe ya siri mpaka mkataba wake wa kazi umalizike, ndipo watangaze. Baba wa binti hajaambiwa lolote.

Binti naye amesoma riwaya inayosimulia mapenzi ya Mchina na mkimbizi wa Kiyahudi katika siku za kuelekea Vita vya Pili vya Dunia. Kila mama anapomkanya, humjibu: "Wale walikuwa mbali zaidi kuliko sisi, na mapenzi yao yakashinda." Mama anatuuliza mambo mawili. Je, amzuie binti yake kwa kuwa mchumba ni Mchina? Na je, akinyamaza, atakuwa ameshiriki katika kosa?

Swali la kwanza jibu lake ni jepesi. Uchina wa mtu si kizuizi. Katika Suratul Hujurat Mwenyezi Mungu ametufahamisha kuwa ametuumba mataifa na makabila ili tupate kujuana, na kwamba aliye bora mbele yake ni mwenye kumcha zaidi. Mama mwandishi ni shahidi wa jambo hilo ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa kuwa yeye ni wa pwani na mumewe ni Mkamba. Watu wa pwani na Wakamba walijuana zamani, tangu misafara ya pembe za ndovu ya karne ya 19 iliyounganisha Ukambani na Mombasa, na si ajabu kwamba penye biashara huzuka pia udugu wa ndoa.

Hata Wachina si wageni kabisa kwetu. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa China zawadi ya twiga, katika zama za safari za amiri Zheng He, ambaye alizaliwa katika ukoo wa Waislamu wa Yunnan. Wazee wa kisiwa cha Pate wamepokezana simulizi ya mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na jahazi, wakafika nchi kavu, wakasilimu na kuoa huko. Na leo China ina Waislamu zaidi ya milioni 20, na misikiti yenye umri wa mamia ya miaka. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba Mchina na Uislamu havikutani.

Kizuizi cha sharia ni kingine: mwanamke Mwislamu haolewi na mwanamume asiyekuwa Mwislamu. Kijana amesema atasilimu, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Hatupasui moyo wa mtu kutazama kilichomo. Lakini shahada si tikiti ya kuingilia harusini. Tuna haki ya kumwomba ajifunze, asali na wanaosali, amjue imamu na imamu amjue, kabla ya siku ya nikaha wala si baada yake.

Sasa tuje kwenye lililo zito, nalo ni siri. Binti ameleta hoja kutoka katika riwaya, basi tutazame mambo yenyewe yalivyokuwa.

Mwezi Machi 1938 Ujerumani ya Hitler iliitwaa Austria. Mayahudi wa Vienna wakaanza kupigwa, kunyang'anywa mali na kufungwa, na njia ya kuokoka ikawa ni kuondoka. Ili mtu aruhusiwe kuondoka alihitaji karatasi yenye kuonyesha kwamba kuna nchi itakayompokea, na nchi nyingi zilifunga milango. Balozi mdogo wa China mjini humo, Ho Feng-Shan, alitoa viza kwa maelfu yao. Mkubwa wake, balozi wa Berlin, alimwamuru aache. Hakuacha. Wanazi walipoichukua nyumba ya ofisi yake, alikodi nyingine ndogo zaidi na kuendelea kutia saini. Mayahudi wapatao 20,000 walikimbilia mji wa Shanghai kutoka Ulaya katika miaka hiyo. Walikaa mitaa ya dhiki, na mwaka 1943 Wajapani waliokuwa wameutwaa mji huo waliwafungia katika eneo moja, lakini wengi wao walisalimika na mauti yaliyowapata ndugu zao waliobaki Ulaya. Ho alifariki mwaka 1997, na heshima kwa alichokitenda ilimfikia mwaka 2000, yeye akiwa kaburini.

Tumwambie binti yetu kwa upole kwamba hapo ndipo penye funzo. Kama kuna kilichoshinda katika kisa kile cha Mchina na mkimbizi, ni mtu aliyekubali jina lake lisomwe. Ho Feng-Shan alikuwa na cheo cha kupoteza na mkubwa aliyemkasirikia, na bado aliandika jina lake kwenye karatasi ya mtu asiyemjua. Mwanamume anayemtaka mwanamke kwa ndoa, anayesema anampenda kuliko nafsi yake, hawezi kuomba aandike jina lake kwa wino usioonekana.

Wala hatuna haja ya kwenda Vienna. Tunacho kisa cha karibu zaidi, cha Unguja. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Baba yake alifariki mwaka 1856 na mama yake mwaka 1859. Mwaka huo huo wa 1859 ndugu zake wakagombania ufalme, na yeye, akiwa msichana wa miaka 15, akavutwa upande wa Barghash dhidi ya Majid, kwa kuwa alijua kuandika na barua zilihitaji mwandishi. Njama ikashindwa. Baadaye akapatana na Majid, na kwa hilo akamuudhi Barghash. Msichana akabaki hana baba, hana mama, na ndugu wamegawanyika.

Ndipo alipojuana na jirani yake mjini, mfanyabiashara Mjerumani kutoka Hamburg, Heinrich Ruete. Mapenzi yao yalikuwa ya siri, na siri ile haikudumu. Wahenga wamesema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Salme akawa mjamzito, na mwezi Agosti 1866 akatoroka usiku kwa manowari ya Waingereza hadi Aden. Huko akajifungua mtoto wa kiume, ambaye alifariki akiwa mchanga. Mwezi Mei 1867 Ruete alimfuata, na siku moja akabatizwa kwa jina la Emily na kufungishwa ndoa. Wakaenda Hamburg.

Ni haki kusema kwamba Ruete hakumtupa. Alimwoa, akampa nyumba, wakazaa watoto watatu. Lakini mwezi Agosti 1870, wiki chache tu baada ya Ujerumani na Ufaransa kuingia vitani, Ruete alifariki kwa ajali ya tramu ya farasi. Salme akabaki mjane wa miaka 25 katika nchi ya baridi, na watoto watatu ambao mkubwa wao alikuwa na miaka miwili. Sheria ya huko iliweka mambo ya watoto wake chini ya wasimamizi wanaume, na mali ya mumewe ikapukutika. Akawa anahama mji hadi mji, akifundisha Kiarabu ili aishi. Mwaka 1885 alirudi Unguja kwa meli ya Wajerumani, ambao walimtumia kwa ajili ya siasa zao, na Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani, akakataa kumpokea. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini ngama ya Salme ilikuwa imefungwa. Alifariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924.

Yako mambo ya ajabu katika nasaba yake. Mwanawe Rudolph Said-Ruete alioa mwaka 1901 mwanamke wa ukoo wa Kiyahudi. Aliishi miaka yake ya mwisho nje ya Ujerumani, na mwaka 1929 alichapisha mjini London kitabu cha maisha ya babu yake, Sayyid Said. Mjukuu wa Sultani wa Unguja, mwana wa Mjerumani, mume wa mke wa asili ya Kiyahudi: damu za watu huchanganyika tupende tusipende. Kinachobaki mikononi mwetu ni kuamua zichanganyike kwa heshima au kwa kutoroka.

Hatumhukumu Salme. Amekwenda kwa Mola wake, na hesabu yake iko huko. Lakini wazazi tujiulize: siku ile alipohitaji mtu wa kumwambia, alikuwa na nani? Siri ya binti aghlabu huanzia katika nyumba isiyosikiliza. Mama wa Nuu ameneemeka, kwa kuwa binti yake amemwambia yeye. Mlango huo asiufunge kwa matusi wala kwa vitisho.

Nasaha zetu basi ni hizi.

Kwanza, baba aambiwe, na aambiwe wiki hii. Katika madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata pwani, hakuna nikaha bila ya walii na mashahidi wawili waadilifu. Walii wa binti huyu ni baba yake, naye yuko hai na yuko nyumbani. Nikaha itakayofungwa nyuma ya mgongo wake haitamfaa binti mbele ya Kadhi wala mbele ya Mola wake. Tena Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuhimiza kuitangaza ndoa. Hapo mama amepata jibu la swali lake la pili: kunyamaza ni kuisaidia siri.

Pili, kijana aje na watu wake. Wazazi wake wako mbali, lakini simu ya picha inafika hadi China, na mkalimani hapotei. Wazazi wa pande mbili waonane nyuso, waulizane. Ana mke kwao? Sheria ya China hairuhusu zaidi ya mke mmoja, kwa hiyo kama yuko mwingine, binti yetu hatatambuliwa huko kamwe. Alete hati kutoka kwa mamlaka za nchi yake inayothibitisha kwamba hana ndoa. Anayeposa kwa nia njema hachukizwi na maswali haya.

Tatu, ndoa iandikishwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya Kiislamu na inataka isajiliwe. Cheti hicho ndicho kitakachomwezesha mke kudai mahari, matumizi na mirathi. Mgeni aliyemwoa raia wa Kenya anaweza kuomba uraia baada ya miaka saba ya ndoa, na bila cheti atahesabu miaka hiyo kutoka wapi?

Nne, tufikirie watoto kabla hawajazaliwa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, imempa kila mtoto haki ya kutunzwa na baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Mtoto wa binti yetu atakuwa Mkenya kwa kuzaliwa. Lakini haki iliyoandikwa Nairobi haimfikii kwa wepesi baba aliyekwisha panda ndege. China nayo haikubali uraia wa nchi mbili. Kazi za ujenzi zimewaleta wageni wengi Ukambani, katika reli mpya inayopita Makueni na katika barabara ya Kibwezi kwenda Kitui. Kazi ya ujenzi ina mwisho wake, na wajenzi huondoka. Ulezi wa mtoto hauondoki.

Tano, wachumba wenyewe wazungumze wangali baridi: wataishi wapi, watoto watasomeshwa dini na nani, jikoni kutapikwa nini, wazazi wakizeeka nani atakwenda kwa nani. Na wajue kwamba katika sharia asiyekuwa Mwislamu na Mwislamu hawarithiani, kwa hiyo imani ya kijana si jambo la midomo tu.

Huenda kijana huyu ni mkweli, na anachoogopa ni kupoteza kazi. Hatumdhanii ubaya. Basi kama tatizo ni mkataba, dawa ya mkataba ni subira. Asubiri miezi iliyosalia, na katika miezi hiyo ajifunze dini, ajifunze Kiswahili na Kikamba, aje kumwamkia mzee wake kama wanavyokuja wachumba wote. Hata hapo baba atakuwa na nafasi ya kumpima, na binti pia. Akikubali, mpokeeni kama mwana, wala msimwite "yule Mchina" mbele ya watoto wake. Akikataa kujulikana, hapo atakuwa amelijibu yeye mwenyewe swali ambalo mama na binti wanabishania.

Na wewe binti yetu, tunajua utaisoma barua hii. Hukukosea kupenda. Tunachokuombea ni mume atakayelitamka jina lako kwa sauti, mbele ya baba yako na mbele ya watu wake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu wenza wema, awape wazazi masikio ya kusikiliza, na azitie nyumba zetu utulivu na huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq.