Wastani wa alama za bosi usikudanganye

MEZA YA KAZI
Na Zuhura Mbwana

Baadhi ya ofisi zetu sasa huwapa wafanyakazi fomu ya kumpima bosi. Ni jambo jema, maana adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Tatizo huanza fomu zikisharudi: ofisa utumishi anajumlisha, anagawanya, anapata wastani, anafunga faili.

Chukua idara ya watu kumi. Watano wamempa mkuu wao alama 5, watano wamempa 1. Wastani ni 3. Idara ya jirani, wote kumi wametoa 3. Kwenye ripoti mameneja hawa wako sawa. Kumbe mmoja ni wa kawaida tu, na mwingine huenda ana watu wake wa safari na posho, huku waliobaki hata likizo wanaibembeleza. Anayesoma alama aangalie kwanza zimetawanyika vipi.

Aangalie pia waliulizwa nini. "Je, bosi wako ni mzuri?" ni swali la mapenzi. Google, katika utafiti iliouita Project Oxygen ulioanza mwaka 2008, ilitafuta vitendo vya meneja bora: kuwaelekeza watu wake, kuwasikiliza, kuwaachia kazi bila kuwaingilia kila dakika. Zilipatikana tabia 8, na ujuzi wa kiufundi ukashika mkia. Wafanyakazi wakaulizwa kuhusu tabia hizo. Mtu akiulizwa kitendo, hujibu alichokiona.

Halafu kuna woga. Fomu isiyoandikwa jina, lakini inayouliza jinsia, umri na mwaka wa kuajiriwa katika idara ya watu wanne, ina jina tayari. Hapo utavuna 5 tupu, na hazina maana yoyote. Vikundi vidogo viunganishwe kabla matokeo hayajamfikia bosi.

Mwisho, alama zilinganishwe na kumbukumbu za ofisi: nani wameomba uhamisho, wangapi wameacha kazi, likizo ngapi zimekataliwa na kwa sababu gani. Bosi anayesimamia kazi kwa ukali anaweza kuchukiwa kama mnyanyasaji. Kumbukumbu hizo husaidia kuwatenganisha.

Wakurugenzi, msimpandishe wala kumshusha mtu cheo kwa wastani mmoja. Na mkishasoma majibu, rudini kwa wafanyakazi muwaeleze kipi kitabadilika. Msipofanya hivyo, mwakani watajaza 3 kila mstari, waende zao kula.