Wakili Aliyepigana kwa Kalamu

Julai 2005, baada ya mabomu kulipuka katika treni na basi mjini London, BBC iliuondoa katika ratiba yake mchezo wa redio uliotokana na hadithi ya Greenmantle. Nilipoipata habari hiyo nilijiuliza: hadithi iliyotolewa mwaka 1916 ina nini hata iogopwe leo? Nikaitafuta, nikaisoma mpaka mwisho.

Mtungaji wake, John Buchan, alikuwa Mskochi aliyezaliwa 1875. Alisoma Oxford, na mwaka 1901 akawa wakili huko London. Vita vya 1914 vilipozuka, vidonda vya tumbo vilimzuia kwenda kupigana. Basi akaishika kalamu. Aliandika historia ya vita iliyofika majuzuu 24, akatumikia idara ya ujasusi ya jeshi, na Februari 1917 akafanywa mkuu wa Idara ya Habari, yaani ofisi ya propaganda ya serikali. Aprili mwaka huo nduguye mdogo, Alastair, aliuawa vitani huko Arras, Ufaransa. Vita kwake havikuwa maneno matupu.

Kabla ya kupata cheo hicho alikuwa ameshaitoa Greenmantle. Humo Wajerumani wanamtumia mtu mmoja mtakatifu ili kuwachochea Waislamu dhidi ya Mwingereza. Hakulibuni lote. Novemba 1914 dola ya Uthmaniya ilitangaza jihadi kule Istanbul, na Ujerumani ikaiunga mkono. Wito ule uliwahusu hata babu zetu wa mwambao huu.

Lakini tuangalie vyema, ndugu wasomaji. Katika hadithi, Waislamu ni baruti inayongoja kiberiti. Katika mambo yaliyotokea, wengi hawakuinuka. Sultani wa Unguja, Sayyid Khalifa bin Harub, alisimama na Waingereza. Juni 1916 Sharifu Husein wa Makka aliiasi Uthmaniya yenyewe. Kila watu walitazama hali yao. Na huku kwetu, vijana walichukuliwa upagazi na pande zote mbili, wakafa kwa maelfu kwa maradhi na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ndizo zilizobaki na jina la kazi yao. Katika hadithi ya Buchan hawamo.

Simwiti mwongo. Ni mtungaji hodari, na hata yule mtu mtakatifu amempa heshima yake. Lakini wakili kazi yake ni kumtetea mteja, na mteja wa Buchan alikuwa dola.

Sisi wasomaji ndio mahakimu. Tumeamrishwa katika Suratul Hujurat tuzihakikishe habari kabla ya kuzifuata. Basi kila tukiambiwa kwamba "Waislamu wa dunia" wamekasirika, au wametulia, tuulize: anayesema ni wakili wa nani? Na shahidi wa upande wa pili amesikizwa?