Mtoto Mwenye Kipawa cha Mchezo: Tumchagulie Shule kwa Kipimo Gani?



Kila mwaka, masomo ya darasa la 6 yakimalizika, swali moja linazunguka katika nyumba zetu za Kasongo na Kabambare: mtoto aende sekondari ipi? Mzazi wa mtoto apendaye vitabu huuliza juu ya walimu na juu ya matokeo ya mtihani wa Taifa. Mzazi wa mtoto apendaye mpira huulizwa yeye kwanza: timu gani inamtaka? Tunaandika juu ya mtoto huyu wa pili, kwa sababu mara nyingi shule humchagua yeye kabla wazazi wake hawajaichagua shule. Tena tunawaandikia ninyi vijana, maana siku ya kuamua, kaka au dada aliyekwisha kufika sekondari husikilizwa sana na baba na mama. Neno lenu lina uzito, basi liwe neno lililofikiriwa.

Rai yetu ni hii: shule inayomfaa mtoto mwenye kipawa cha mchezo ni ile ambayo ingempokea kwa furaha hata kama asingejua kucheza. Mengine yote yanafuata hapo.

Tuanze na fedha, kwa kuwa ndipo kishawishi kinapoanzia. Tangu mwaka wa shule ulioanza Septemba 2019, masomo ya msingi katika shule za umma, pamoja na zile za mkataba zinazoongozwa na Makanisa, yametangazwa kuwa bure. Sekondari haikuwamo katika tangazo lile, na gharama zake zinawalemea wazazi. Basi anapokuja mjumbe wa shule fulani na kusema, "Huyu mtoto hatalipa minervali, mradi achezee timu yetu," mama mwenye watoto sita huona mlango umefunguliwa. Hatumlaumu. Lakini tunamwomba aulize swali moja kabla ya kushukuru: msaada huu ni wa mwanafunzi au ni wa mchezaji?

Tofauti yake si ndogo. Msaada wa mwanafunzi huandikwa, huendelea hadi diploma ya Serikali, na sharti lake ni mahudhurio na bidii darasani. Msaada wa mchezaji husemwa kwa mdomo, na sharti lake ni mabao. Goti likivimba, au akitokea mwenye mbio kuliko yeye, unakwisha bila kuagana, tena katikati ya mwaka, wakati shule nyingine zimekwisha kujaa. Tumewaona vijana walioitwa na shule kwa ajili ya mashindano, wakashangiliwa wiki tatu, na mwezi wa nne wakasimamishwa mlangoni kwa deni. Kutoka mlangoni pale hadi machimbo ya dhahabu ya Salamabila na Namoya, njia ni fupi. Kwa hiyo wazazi wakipewa ahadi, waende kwa prefe wa shule, waombe iandikwe na itiwe sahihi. Akikataa kuandika, amekwisha kuwajibu.

La pili ni njia na makao. Shule zetu nyingi ni za kutwa: mtoto huenda asubuhi na kurudi nyumbani. Lakini nyumbani ni wapi? Mtoto wa Kabambare anayeletwa Kasongo kusoma yuko zaidi ya kilomita 100 mbali na mama yake, kwa barabara ambayo mvua huifunga. Atalala kwa mjomba au kwa shangazi. Ndiyo kusema, wazazi wanaomchagulia shule ya kutwa ya mbali wanachagua vitu viwili kwa mara moja: shule na nyumba. Shule yaweza kuwa njema na nyumba isiwe njema. Nani atampikia akirudi kutoka mazoezini? Atapewa taa ya kusomea? Atatumwa maji na kuni kiasi gani? Tumewajua watoto waliofaulu katika shule ya kawaida kwa sababu walilala kwao, na wengine walioanguka katika shule yenye sifa kwa sababu nyumba iliwavunja.

Hata anayekaa kwao ana njia ya kuhesabu. Mtoto anayetembea kilomita 6 kwenda na 6 kurudi ametembea kilomita 60 kwa siku tano. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate walau dakika 60 za kuutumikisha mwili kila siku. Mtoto wetu amezimaliza kabla kengele ya kwanza haijalia, bado jembe la jioni. Anachokosa ni chakula, usingizi na mafunzo ya ufundi. Tena jua letu huchwa karibu na saa 12 jioni mwaka mzima. Shule inayosoma mchana humtoa mwanafunzi wakati kiwanja kinaingia giza. Inayosoma asubuhi humwachia saa za kucheza na za kusoma. Mtoto wa mchezo akiwa na nafasi ya kuchagua, achague asubuhi, na achague shule iliyo karibu. Shule ya karibu yenye kiwanja cha majani na mwalimu mwangalifu yafaa kuliko ya mbali yenye jezi mpya.

La tatu ni mwalimu. Sisi ambao kazi yetu ni kuwafunda walimu tunajua kwamba saa ya mazoezi ya mwili imo katika ratiba, lakini katika shule nyingi hupewa yeyote aliyebaki na saa tupu. Huyo huwapa watoto mpira na kukaa kivulini. Mwalimu aliyefundwa huanza kwa kupasha mwili moto, huwagawa kwa umri na nguvu, humkataza mgonjwa kucheza, na hujua kwamba goti la mtoto anayerefuka haraka lahitaji kupumzishwa likiuma. Naye asiye na ujuzi wa mchezo aweza kuupata, akiwa na moyo wa ualimu. Huko Iten, nchini Kenya, Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alifika mwaka 1976 katika shule ya Mtakatifu Patrick kufundisha jiografia, hakuwa kocha. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wake wakikimbia. Miaka mingi baadaye alimfunza David Rudisha, ambaye mwaka 2012 jijini London alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Basi wazazi wakitembelea shule, wasimwulize mwalimu wa michezo amepata vikombe vingapi tu. Wamwulize pia: mchezaji wako akishindwa hesabu, unafanya nini? Mwenye jibu la swali hilo ndiye wa kumkabidhi mtoto.

La nne ni opsioni, ambalo mara nyingi husahauliwa kabisa. Baada ya darasa la 7 na la 8, mwanafunzi huingia miaka minne ya mwisho katika opsioni moja, na kuibadilisha baadaye ni vigumu. Shule si zote zenye opsioni zote. Mtoto aliyechukuliwa na timu hujikuta katika opsioni iliyopo pale, hata kama haipatani na akili yake. Kumbe mwenye kupenda mchezo ana njia nyingi za kuishi karibu nao: kwa ualimu aweza kwenda pedagogia, kwa uganga na matibabu ya viungo, biolojia na kemia, kwa uongozi wa timu na hesabu zake, biashara. Timu hucheza na watu 11, lakini nyuma yao wapo daktari, mhasibu, mwalimu, mwandishi wa habari na mwamuzi. Wote hao walipita darasani.

Sasa tuseme juu ya mabinti. Binti akiwa shule ya msingi, mbio zake husifiwa. Akifika sekondari huambiwa amekwisha kuwa mkubwa, aache kurukaruka. Mpira wa miguu, voleboli, na nzango, ule mchezo wa miguu na nyimbo ambao mabinti wa Kongo wanaujua vizuri, vyote husimama ghafla. Familia inayomchagulia binti shule itazame mambo ambayo kwa mvulana haiyatazami: je, vyoo vya wasichana viko peke yake na mlango unafungika? Yupo mwalimu mwanamke ambaye binti aweza kumwambia shida yake? Timu ikisafiri, nani anakwenda nayo, na mabinti wanalala wapi? Mwalimu wa michezo akiona haya maswali yanamchukiza, asikabidhiwe binti. Wala asikabidhiwe mvulana.

Wapo watakaosema kwamba tunawavunja watoto moyo. Watasema: tazameni AS Maniema Union ya Kindu, timu ya mkoa wetu, iliyofika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika msimu wa 2024-2025, ikacheza na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, na Raja Casablanca na AS FAR za Moroko. Kwa nini mtoto wa Kasongo asifike huko? Aweza kufika, nasi tutamshangilia. Kanisa halidharau mchezo: Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwa mfano wa wakimbiaji, na mwaka 2018 Vatikano ilitoa hati nzima juu ya michezo. Lakini nafasi za juu ni chache, na miaka ya mchezaji ni michache. Usiache mbachao kwa msala upitao. Diploma ndiyo mbachao wa mtoto wa maskini.

Wengine wana methali yao: mshika mbili moja humponyoka. Ni kweli kwa anayeshika bila mpango. Mtazameni Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1966. Kwa sekondari alikwenda Boboto, shule ya Wayesuiti, kwa sababu alitaka kuwa daktari na masomo ya pale yalimwandaa vizuri. Hakuifuata timu. Alicheza mpira wa miguu, na basketiboli aliishika akiwa na miaka 16, kwa kuhimizwa na baba na kaka yake. Mwaka 1987 alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Georgetown, kwa msaada wa masomo, na mwaka 1991 akahitimu katika isimu na diplomasia. Kisha akacheza misimu 18 katika NBA. Alipofariki tarehe 30 Septemba 2024, alikuwa amewaachia watu wa Kinshasa hospitali yenye jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Urefu wake alipewa na Mungu, darasa alilichagua. Laiti goti lake lingevunjika mwaka wa kwanza, angalikuwa bado na kazi ya kufanya.

Neno moja juu ya wale wanaojiita mawakala. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Anayewaambia wazazi wenu watoe fedha ili mtoto wa miaka 14 apelekwe Ulaya kucheza, aulizwe juu ya kanuni hiyo. Vilevile anayeshauri umri upunguzwe katika karatasi. Tarehe ya kuzaliwa itaandikwa pia katika hati za mtihani wa Taifa. Karatasi mbili zisizopatana zitamfuata kijana maisha yake yote. Tena timu inayomfundisha mtoto kusema uongo juu ya siku aliyozaliwa haiwezi kumfundisha mengine kwa unyofu.

Hata shule zetu za Kanisa zipimwe kwa kipimo hicho hicho. Msalaba mlangoni hautoshi. Nendeni pamoja na wazazi mkaione shule siku ya kawaida, wala si siku ya mashindano. Tazameni kama wachezaji wako darasani saa ya masomo. Kisha fanyeni hesabu rahisi: watafuteni vijana waliokuwa katika timu ya shule hiyo miaka mitano iliyopita, mmoja mmoja kwa jina, mkaulize wangapi walipata diploma na wako wapi leo. Kikombe kiko kabatini, kila mtu anakiona. Waliokileta wako wapi? Jibu la hao lina thamani kuliko maneno yetu na kuliko maneno ya prefe yeyote.

Nawe kijana mwenye mbio na nguvu, unayesoma ukurasa huu ukijua tunakusema wewe: kipawa chako ni cha kweli, usikifiche. Kipeleke mahali ambapo jina lako litaitwa kila asubuhi katika orodha ya darasa, hata siku ambayo huwezi kukimbia.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika parokia yetu, ni vijana gani walioitwa na shule kwa ajili ya mchezo? Wamefika wapi?

2. Mdogo wako amealikwa na shule mbili: moja ya karibu, nyingine ya mbali inayomsamehe minervali. Utawashauri wazazi wako waulize nini kabla ya kuamua?

3. Kikundi chetu chaweza kufanya nini ili mabinti wa sekondari waendelee kucheza kwa usalama na heshima?